Kirundo cha Mawe Nyuma ya Nyumba ya Wakwe

Tulikuwa mimi Nafula. Mjukuu wangu Nekesa, ndiye anayeposwa. Nasimiyu, dada yangu wa mama mmoja. Na mzee Wanjala, shemeji yangu, msemaji wetu. Tulitoka Kianda, hapa Nairobi, kwa miguu mpaka Kawangware, pale Gatina, kwa akina Mutua, kijana wa Kitui anayemtaka Nekesa. Leo nimeumbuka, jamani, na mashahidi wangu ndio hao.

Leo ndiyo wakwe walikuwa watukubali au watukatae. Njiani Nekesa akaniambia, "Kukhu, tafadhali, tukifika usiongee sana."

"Mimi? Nitatulia kama maji ya mtungini." (Mnanijua.)

Mama Mutua akatupokea vizuri. "Karibuni ndani, baba Mutua anakuja sasa hivi." Wenzangu wakaingia. Mimi nikabaki nyuma na goti langu bovu. Ndipo nikaona, kule nyuma ya nyumba. Kirundo cha mawe! Tena kimezungushiwa ukuta mfupi wa mviringo, jiwe juu ya jiwe, bila simiti.

Kwetu Mlima Elgon, juu kabisa ukishapita msitu, penye nyasi na ukungu mtupu, mawe ya namna hiyo yako mengi. Virundo, na maboma yaliyobomoka. Ni ya watu wa kale. Hata nyanya yangu Namalwa hakuyajua majina yao, na yeye alijua jina la kila mtu. Alitufundisha kwamba hapo hupiti bure. Unaongeza jiwe, unatema mate kidogo, unaomba njia.

Nikajiambia, hata Nairobi kabla ya mabati palikuwa na wenyewe. Siku ya posa nipite tu kama ng'ombe?

Nikaokota jiwe, nikalirusha juu ya kirundo. Nikatema mate. "Wazee, tupeni njia, mtoto aolewe." Jiwe halikukaa! Likabingirika upande wa pili, nikasikia ko!

Chini ya mawe sauti ya mwanamume ikalia, "Uuui! Nani ananiua?"

Nikajibu kwa heshima, "Baba, si ulishakufa?"

"Nani amekufa?"

"Wewe, baba. Zamani sana."

"Mama Mutua! Kuna mtu huku ananipiga mawe na kusema nimekufa!"

Nikapiga nduru, nyumba yote ikamwagika nje. Nyuma ya kirundo kikachomoza kichwa, udongo mpaka kwenye kope, damu kwenye paji. Ndiye Mzee Kilonzo, baba Mutua! Choo chao kilikuwa kimebomoka, naye akaona haya kupokea wakwe bila choo. Tangu asubuhi alikuwa shimoni akichimba kipya na kutupa mawe nje. Ule ukuta ni wa kuzuia watoto wasitumbukie.

Wanjala akajaribu kuniokoa. "Mama yetu alikuwa anabariki boma."

"Na haya mate?" Mzee Kilonzo akauliza, akijipangusa shavu.

Nasimiyu akacheka. (Dada wa mama mmoja!) Mama Mutua hakucheka. "Baba wa kijana apigwe jiwe siku ya posa, halafu tuketi tunywe chai? Nendeni. Tutawaita."

Hakusema lini. Mutua alitazama chini tu. Nekesa akanipita, akatangulia njia yote mpaka Kianda, hakugeuka hata mara moja. Sasa amelala ameelekea ukutani. Nikimwita, anavuta blanketi.

Kama nimekosea jina au neno, Nasimiyu na Wanjala wanirekebishe, kichwa changu kimevurugika. Nilikuwa wa kwanza kutoka langoni, kwa aibu. Kama kuna aliyesikia Mama Mutua akisema neno moja jema nyuma yangu, aniambie hilo kwanza. Kucheka atacheka baadaye.