Ombi la Nyumba Moja Isiyotumika Kando ya Ziwa Fisimaji

Corrine Larocque,
Trela ya bluu, mwisho wa Barabara ya Mierezi.

Kwa Bwana Lyle Engebretson,
Mwenyekiti wa Chama cha Wawindaji.

YAH: KUOMBA NYUMBA KWA MUJIBU WA KANUNI YAKO

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mama wa nyumbani pamoja na mbwa wako waliobaki. Sisi huku hatujambo. Utomvu mtamu wa miti tumemaliza kuuchemsha, sharubati imejaa kwenye chupa, na mwanangu Memengwaa, yule aliyelia ukumbini, ameota jino la kwanza na anamng'ata nalo kila mtu bila ubaguzi.

Mimi ni yule uliyempisha kiti karibu na hita. Sikusoma sana, kwa hiyo kama mpangilio wa barua hii una kasoro, naomba uvumilie, jambo lenyewe ni zuri.

Siku ile ya mkutano ukumbini sikuja kwa ajili ya mbwa mwitu. Nilikuja kwa sababu Mjomba wangu Delbert ndiye aliyetumwa na kabila kusema, na Bibi yangu Verna hakubali Mjomba aseme mbele za watu bila yeye kuwapo kumrekebisha. Basi tukakaa, tukasikiliza. Wenzako walisema mbwa mwitu wamewamaliza kulungu, serikali iongeze idadi ya kuwindwa. Mjomba akasema katika idadi yoyote nusu ni yetu, kama ulivyo mkataba wa mababu, na nusu hiyo sisi tunaichukua na kuiacha itembee. Akaeleza kwamba ma'iingan, ndivyo tunavyomwita mbwa mwitu, alizunguka dunia na mtu wa kwanza kama ndugu yake, na linalompata yeye hutupata na sisi. Hapo yule bwana wa nyuma mwenye kofia ya rangi ya chungwa akapaza sauti, "Kama hamwui, tupeni basi nusu yenu." Mjomba akamjibu bila kugeuka, "Nusu yenu mlishachukua. Hii ni ile iliyobaki." Watu wakacheka. Hata wewe ulicheka, nilikuona, ukajifanya unakohoa.

Kisha ukasimama. Ukashika kipaza sauti, ukasema neno ambalo nimelikariri neno kwa neno: "Haki usiyoitumia si haki yako tena. Kitu kikikaa bure, apewe mwenye kukihitaji."

Mheshimiwa, Mjomba alikasirika. Bibi alitikisa kichwa. Lakini mimi nilitabasamu njia nzima kurudi nyumbani, mpaka Bibi akaniuliza kama nimepata mchumba. Nilikuwa nimepata kanuni. Ndiyo maana nakuandikia, na malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba kama wasomi.

1. Nalalamika kwamba kanuni nzuri namna hii imeanzia kwa mbwa mwitu, wakati kuna nyumba. Mimi na mwanangu tunakaa kwenye trela ya Bibi, nyumba nyembamba ya bati, pamoja na Mjomba, na binamu zangu wanaokuja na kuondoka na kurudi. Mwanangu hulala ndani ya kapu la nguo juu ya friza, kwa sababu pale juu pana joto kidogo na mngurumo wake humbembeleza. Ubaya ni kwamba friza ndimo ilimo nyama. Kila anayetaka nyama lazima kwanza ambebe mtoto. Mjomba amepika supu na Memengwaa begani mara nyingi sana, na sasa mtoto akisikia neno supu anainua mikono abebwe.

Upande wa pili wa barabara, kuzunguka Ziwa Fisimaji lote, kuna nyumba zenu za mapumziko. Hazina watu tangu majani yalipodondoka. Nikipita jioni na mtoto, taa zinawaka zenyewe kutuangalia, tukishapita zinazima. Nimeuliza kwa nini theluji ya juu ya mapaa yake huyeyuka mapema, nikaambiwa hita huwa zinaachwa zikiwaka miezi yote ya baridi ili mabomba ya maji yasipasuke. Sina neno na mabomba. Nasema tu kwamba mabomba yenu yamelala mahali pa joto kuliko mwanangu, na hayana hata jino.

2. Tafadhali usinielewe vibaya. Sidai ardhi. Mambo ya ardhi husema Mjomba, na akianza, kahawa hupoa. Mimi naomba kwa kanuni yako, siyo kwa ya kwetu. Kwa kanuni ya kwetu ningengoja mpaka mjukuu wa Memengwaa awe mjumbe.

3. Nalalamika pia juu ya vibali vya kulungu. Ulisema mwenyewe pale ukumbini kwamba msimu uliopita ulikaa juu ya mti na vibali viwili mfukoni, ukarudi navyo vyote viwili. Mheshimiwa, vibali hivyo havikutumika. Kwa hiyo wale kulungu wawili uliowakosa hawakuwa wako tena tangu saa ile uliposhuka mtini, walikuwa wa mwenye kuwahitaji. Nadhani unajua nani alikuwa anawahitaji, na nadhani ndiye uliyekuja kumshtaki. Sikulaumu, hata mimi nimewahi kumshtaki binamu yangu kwa kula mkate nilioukataa.

4. Halafu kuna sauti. Pale ukumbini watu wengi walikaa wamekunja mikono, hawakusema lolote. Sauti zao hazikutumika. Aliyetumia yake kuliko wote ni Memengwaa. Alipoanza kulia, yule bwana wa kofia akasema mtoto atolewe nje. Wewe ukaacha hotuba katikati. Ukasema, "Mwacheni. Naye ana haki yake ya kusema." Ukangoja mpaka akamaliza, ndipo ukaendelea. Kwa hiyo, kwa kanuni yako na kwa kinywa chako, mwanangu ana haki zaidi ya wote waliokuwa kimya, naye alichokuwa anakisema ni kwamba amechoka na kapu. Mimi ni mama yake, naijua tofauti ya vilio vyake.

5. Sasa nije kwenye hao mbwa mwitu wetu, maana huenda utasema, "Corrine, ukitaka kanuni ikupe nyumba, lazima ikunyang'anye mbwa mwitu." Nimelifikiria hilo nikiwa nakunja nepi. Jibu ni kwamba sisi tunawatumia sana. Kuna mmoja anayechechemea mguu wa mbele, hupita nyuma ya trela kila majira ya baridi. Tangu aanze kupita, kulungu hawaji tena kula maharagwe ya Bibi wala kutafuna miche ya mierezi. Bibi humsalimu dirishani na kumwambia habari za nyumbani, mambo ambayo sisi hatuambii. Huko ndiko kumtumia. Wewe nawe unalitumia kanisa lako kila Jumapili na bado lina paa. Kama sharti ni muhuri wa kuthibitisha kwamba anatumika, tuma mtu aje na wino, tutamwonyesha njia anayopita mbwa mwitu huyo. Lakini wino auweke mguuni mwenyewe.

6. Hapa naandika kwa adabu zaidi, kwa sababu ni habari ya Mabel, mbwa wako. Uliposema jinsi ulivyomkuta msituni baada ya mbwa mwitu kumwua, ulikuwa unasoma karatasi ambayo haikuwa na maandishi. Nilikuwa nimekaa karibu, niliiona. Nilimjua Mabel. Aliwahi kupotea akatujia, akala uji wa mchele pori, akalala chini ya ngazi zetu mpaka ulipokuja kumchukua, ukamwita mwizi wako mzuri. Pole sana, Bwana Lyle. Mabel alikuwa anatumika, hakuna aliyekuwa na haki ya kumchukua. Nimemwomba Mjomba deni hilo likatwe kwenye nusu yetu. Atolewe mbwa mwitu mmoja awe wako kabisa. Mjomba amekubali kwa sharti moja, na mimi naliunga mkono: usimwue, mtumie. Tutakufundisha. Utaanza na kumsalimu dirishani.

7. Kwa hayo yote, naomba nyumba moja. Yoyote. Sichagui, ingawa ile yenye baraza inayotazama jua likitoka ingemfaa mtoto. Boti zilizovikwa plastiki nyeupe sizitaki, ingawa zile nazo zimefunikwa vizuri kuliko sisi. Ikionekana nyumba nzima ni kubwa mno kwa kanuni kuanzia nayo, nipewe chumba. Nimesikia nyumba nyingine zina vyoo vitatu. Naweza kupokea cha tatu, nikaweka pazia la njano, kwani kapu la mwanangu linaingia vizuri ndani ya bafu la kuogea.

Nitaosha madirisha. Nitafukuza panya. Mwenye nyumba akija kiangazi, atakuta samaki kwenye friza na mchele pori jikoni, na sisi tutakuwa tumetoka kwenda kuchuma matunda, hatutamkera. Akiondoka tutarudi. Nia yangu si kumnyang'anya mtu. Nataka Memengwaa ajifunze kutambaa mahali ambapo hakuna anayemruka akienda kutafuta nyama.

Nina matumaini makubwa, Mheshimiwa, kwa kuwa kanuni hii hukuitoa kwangu, umeitoa kwako, na mtu hawezi kuikataa sauti yake mwenyewe. Bibi anasema watu huweza sana. Mimi nimemwambia akumbuke ulivyongoja mtoto amalize.

Msalimie mama wa nyumbani. Wasalimie mbwa wote wawili, na yule mdogo mwambie Memengwaa bado ana ile soksi aliyoitafuna. Msalimie katibu aliyekuwa anasinzia, na mpika kahawa aliyetuongezea sukari bila kuulizwa. Msalimie hata bwana wa kofia ya chungwa, mwambie mtoto hana kinyongo, alishasahau palepale.

Wako katika kutumia vilivyopo,
Corrine Larocque (mama Memengwaa).

Nyongeza: Barua hii ilikuwa tayari imefungwa, nimeifungua tena kwa mvuke wa birika, ndiyo maana bahasha imejikunja.

Leo asubuhi nilimwambia Bibi tukaziangalie hizo nyumba, nisije nikaomba yenye paa bovu. Yeye alibaki barabarani na mtoto, mimi nikashuka hadi kwenye moja iliyonipendeza. Nilipanda ngazi. Nilichungulia dirishani, nikaona mahali pa kuweka kapu, nikaona na dirisha la pazia la njano. Nilishaanza kuhama kichwani.

Ndipo nikasikia, chini ya mbao za baraza, sauti ndogo. Nikadhani ni Memengwaa amelia kule barabarani. Ilikuwa ni ile sauti anayoitoa akiwa hajaamka vizuri na anatafuta ziwa la kunyonya. Halafu zikawa nyingi. Nikageuka. Mama yao alikuwa amesimama kando ya boti, amekonda, matiti yamejaa, ule mguu wa mbele ameuinua kidogo. Hakunguruma. Aliniangalia nilivyokuwa nimesimama juu ya watoto wake, nikaona aibu kama mtu aliyeingia chumbani kwa mwenzie bila kupiga hodi. Nikashuka pole pole kwa upande, nikiomba radhi.

Nilimkuta Bibi barabarani ameshamwona. Alinipa mtoto, akasema, "Hiyo inatumika. Twende zetu."

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naliondoa ombi langu, namba saba yote, pamoja na choo cha tatu. Nimejaribu kupata njia ya kulibakiza. Nimeshindwa. Nikisema nyumba ile ilikuwa haina mtu, nitakuwa mwongo, na nikisema mwenye kuhitaji zaidi ndiye apewe, basi amekwisha kupewa, tena hakuandika barua. Kanuni yako naona sasa ina tatizo moja: ukisimama barabarani kila kitu kinaonekana hakitumiki.

Usiwe na wasiwasi kwa ajili yetu. Memengwaa yuko juu ya friza, Mjomba amemtengenezea ukingo wa mbao ili asianguke, na binamu mmoja ameondoka tena. Majira ya baridi yakija tutaona.

Nina maombi mawili tu mapya, nayo hayana namba. Wenye nyumba wote waambie wasizime hita zao mapema mwaka huu, maana joto hushuka kupitia sakafuni. Na msimu wa kuvua samaki ukifunguliwa, nyie mnaokuja ziwani cheleweni kidogo, mpaka mwezi wa saba, watoto wakishaweza kumfuata mama yao msituni.

Nyumba ni ipi sitasema, wala kwa Mjomba sijasema. Lakini wewe ulinyamaza mwanangu alipolia. Ukifika kwako ziwani, Bwana Lyle, panda ngazi zako taratibu.