Kima Aliyeziba Jibu la Posa

Wenzangu, leo uso wangu nimeuacha dukani kwangu, Mlandege. Atakayeuokota anirudishie.

Kwanza nikiri lile ninalolikana tangu tulipotoka chuo: sijui kompyuta. Sijapata kujua. Nilipofungua kile kiduka changu cha mawasiliano, chenye simu moja, faksi moja na kompyuta moja, ukoo mzima ulinivisha cheo cha fundi, nami sikukivua. Utaalamu wangu wote ni kuzima na kuwasha. (Mara nyingi unatosha. Ndiyo maana nimedumu.)

Sasa sikilizeni. Nasra, binti wa kaka yangu Seif, kaletewa posa kutoka Maskati. Kijana anamtaka, naye anamtaka kijana. Lakini mnatujua sisi. Posa haijibiwi siku inayoingia. Ukijibu mbio wataambizana mlikuwa mnatafuta pa kumtua mtoto. Basi kaka akaikalia. Akaikalia hata maneno yakaanza kuvuka bahari: wenzetu wamechoka kungoja, na kuna binti mwengine ameanza kutajwa. Nasra, mwalimu mzima, akaacha kula.

Leo asubuhi kaka kaja dukani, kanzu imenyooka, kofia imenyooka. Ameridhia. Ila simu hataki.

"Kwenye simu pumzi zinasikika," kasema. "Watajua tuna hamu. Waandikie barua kwa kompyuta. Maneno machache, mara moja, basi."

Akanisomea, nikaandika: "Posa yenu tumeipata na tumeitafakari. Hatuna pingamizi."

"Hata 'tumefurahi' hakuna?"

"Tunaoza mtoto, hatunadi mapera. Bonyeza."

Nikabonyeza. Kompyuta ikapiga simu yake, ikatoa ule mlio wa paka wawili ndani ya ndoo, kisha kimya. Kwenye kioo ikaniambia haikufanikiwa.

"Imefika?" kaka akauliza.

"Iko njiani."

Nikazima. Nikawasha. Nikaandika upya neno kwa neno, nikapeleka. Haikufanikiwa. Nikarudia. Kaka alimaliza kahawa yake, akaanza kuzitazama nyaya kwa jicho la mtu anayetafuta mwizi. Adhana ya adhuhuri ndiyo iliyoniokoa.

Kaka kutoka tu kwenda msikitini, Nasra huyo kaingia, chaki bado mikononi.

"Shangazi, imekwenda?"

"Inasumbua kidogo."

"Kidogo vipi? Wakidhani hatutaki, je? Na yule mwengine ati mama yake keshawapelekea halua!"

Macho yakamjaa. Mimi machozi ya mtoto siyawezi. Na kwa vile niliamini zile barua za mwanzo zimeshakufa, nikaanza kuandika nyengine kwa maneno yangu mwenyewe. Kila moja ikigoma, inayofuata naitia moto zaidi. "Tumekubali." Ikagoma. "Tumekubali, tafadhali jibuni." Ikagoma. "Jamani tumekubali, mmepata?" Nasra akasema nitie na wallahi. Nikatia. Ya mwisho, Mungu anisamehe, ilisema: "Tumekubali wallahi, mtoto hali wali."

Hapo katika kubabaika nikabonyeza pahala ambapo sijapata kupabonyeza, na dirisha jipya likafunguka. Lo! Kumbe barua haifi. Isiyotoka hukaa foleni ndani ya kompyuta, ikingoja mlango ufunguke. Na mbele ya foleni, kauziba mlango mzima, alikaa kima punju, yule mwekundu wa msitu wa Jozani.

Picha yake, nakusudia. Mtalii mmoja alikuja jana kuwapelekea jamaa zake kwao, picha kubwa ya ajabu. Laini yetu ya simu ilikuwa ikimbeba kima hadi kiunoni, inachoka, inakatika, inaanza upya. Nyuma yake majibu yetu yote yamejipanga kwa adabu, kama sisi zamani kwenye foleni ya mchele.

Kumfuta sikuthubutu, mali ya watu. Nikamnakili katika barua mpya ili akae nyuma ya foleni, kisha nikamwondoa yule wa mbele. (Anwani? Nani ana muda wa kutazama anwani?)

Paka wakalia ndani ya ndoo. Barua ya kwanza ikatoka! Nikapiga kigelegele. Ya pili ikatoka! Nasra akanipokea. Tulipofika kwenye "Tumekubali", kigelegele nikakikata katikati.

"Shangazi, zinakwenda zote!"

"Naziona!"

"Zizuie!"

"Vipi?"

"Si wewe fundi?"

Nikazima. (Kioo tu. Kazi yenyewe iliendelea gizani.)

Kaka akarudi. "Imefika?"

"Imefika."

"Mbona pamezimwa?" Akakiwasha kioo mwenyewe, akazisoma zilizotoka, moja baada ya moja, kwa sauti, taratibu, kama anasoma khutba. Alipofika ya mwisho akatafuta kiti.

"Zuhura."

"Naam, kaka."

"'Mtoto hali wali'?"

Nasra alikuwa keshajifunika uso kwa mtandio.

"Nilisema mara moja," kaka akasema. "Hawa sasa watataka mahari tuwape sisi."

Akanyanyua simu awapigie, afute hata nusu ya aibu. Laini ina kazi: kima alikuwa anapita. Ilikuwa saa ya watu kula na kujinyoosha, laini nyepesi, akapita salama hadi mkia. Sote watatu tukamngojea. Alipomaliza tu, simu ikalia. Kaka akanisogezea mimi.

Bi Zuwena, mama wa kijana.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba, mwanangu. Nnapiga tangu saa ile, sikupati. Sikiliza. Zile barua zenu za mwanzo tulizisoma na mzee. Mzee akasema hayo ni maneno ya mtu anayekataa kwa adabu. Kavua kofia, kajiinamia kitini. Mara yakaingia hayo mengine! Hiyo ya wali ndiyo iliyomwinua. Keshatoka kwenda kukata tiketi. Tunakuja kufunga ndoa. Mwambie mtoto ale."

Nikashusha pumzi. (Zilisikika Maskati, sina shaka.)

"Lakini, mwanangu," akaendelea, "huyo kima mliyemleta mwisho. Ni jamaa wa upande wenu, au mnatuuliza kama ni wa kwetu?"

Nikaweka simu chini. Kaka kanitumbulia macho, Nasra kashika meza.

"Wanasemaje?"

"Hawana pingamizi," nikasema.

Ya kima nimeyameza. Yamezeni na nyinyi.