Katalogi Unganishi ya Kasulu na Kibondo

Inatangazwa kwa furaha kuu kwamba mwaka 1974 wilaya za Kasulu na Kibondo ziliitangulia dunia kwa orodha moja ya vitabu vya maktaba zote mbili. Huko Ulaya walikuwa bado wanahangaika na mitambo ya kompyuta; sisi tulikuwa na Ndugu Crispin, Mratibu wa Katalogi Unganishi, aliyepelekwa semina Dar es Salaam wiki mbili akarudi na mkoba.

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Kila kitabu cha Kasulu kiwe na kadi Kibondo, cha Kibondo kiwe na kadi Kasulu. Waraka Namba Tatu ukaongeza kwamba andiko lolote lililomo au litakaloingia maktaba lifungiwe kabatini mpaka kadi yake ikubaliwe upande wa pili. Kibondo wakakataa kukubali kadi za Kasulu kabla zao hazijakubaliwa. Kasulu nao vivyo hivyo. Kwa miezi saba hakikutoka kitabu hata kimoja, na Ndugu Crispin akaandika katika ripoti kwamba upotevu wa vitabu umekomeshwa.

Theodosia wa Kitanga, aliyehitimu kisomo cha watu wazima, alikuja maktaba ya Kasulu kila siku ya soko. Kupitia kioo cha kabati alisoma jina la kijitabu: Maradhi ya Mbuzi.

"Ndugu Mratibu, mbuzi wangu wanakufa. Walikuwa sita, sasa watatu. Nipe nisome hapa hapa."

"Mama, wewe unawaza mbuzi, mimi nawaza mwaka elfu mbili. Siku hiyo utauliza kitabu ukiwa Kitanga, ujibiwe na kila maktaba ya nchi hii."

"Nijibiwe kipo?"

"Ujibiwe kipo."

"Na nipewe?"

Ndugu Crispin alimhurumia kwa ufinyu wa fikra zake.

Siku ya uzinduzi wa Katalogi, mgeni rasmi akiwa ameketi tayari, Ndugu Crispin aliingia mbio kuchukua hotuba aliyoisahau mezani jana yake.

"Iko kabatini," alisema Mwatumu, mkutubi kutoka Tanga, mwanamke asiyecheka kazini. "Kadi yake itaondoka kwenda Kibondo na lori la Jumatatu."

"Ile ni hotuba, si kitabu."

"Waraka unasema andiko lolote, ndugu. Sahihi ni yako."

Nje kwaya ilikuwa inarudia wimbo mara ya tatu. Ndugu Crispin alipapasa kichwani mwake akakuta hamna kitu. Yote aliyoyaamini yalikuwa kwenye zile kurasa kumi na moja. Aliona aibu ya kweli, labda kwa mara ya kwanza. Akaandika: Waraka Namba Tatu umefutwa. Mwatumu akagonga mhuri, akafungua kabati.

"Nipe."

"Kuna foleni, ndugu."

Theodosia alikuwa mbele yake. Alipewa kijitabu na daftari la waazimaji, akashika kalamu, akaanza kuandika jina lake herufi moja moja, kama alivyofundishwa.

Mgeni rasmi akachungulia mlangoni. "Mratibu, unangoja nini?"

"Ananingoja mimi, ndugu," Theodosia alijibu bila kuinua macho. "Mbuzi amebaki mmoja. Naandika vizuri, wasije wakanirudisha."

Akamaliza jina lake, akalitazama, kisha akaanza la baba.