Ukingo wa Dhahabu wa Mzee Kastori

Jumatatu, 2 Juni 2025, Gitega
Sijaamini masikio yangu! Mzee Kastori wa Muyinga, baba yake Adventina, anataka ukingo wa roshani yake uwe wa alumini ya rangi ya dhahabu. Upande wa kushoto nifanye mimi, wa kulia fundi mwenzangu Godfrey. Eti apime ufundi. Nani hajui? Sote wawili tumetuma washenga kwa Adventina.

Jumatano, 4 Juni
Godfrey kanunua alumini mpya ya kujengea. Nyembamba, laini. Masikini! Mimi nimezoa pistoni gereji. Alumini iliyosukuma lori mpaka Dar itashindwa na roshani? Nimeyeyusha, nimemimina, nimepata maua manene ya ukingo. Yanang'aa hadi najiona meno.

Alhamisi, 5 Juni
Nimepeleka kwa Swabra, anayeogesha alumini kwenye asidi yenye umeme ndipo aitie rangi. Kagonga ua moja kwa kucha, kauliza limetoka wapi. Nikamwambia Ulaya. "Fundi, mi nakwambia kweli," akasema, "hii ya moteri iko na silisiamu mingi, ile kitu ya mchanga. Itatoka nyeusi. Chukua ya kujengea, kama ya Godfrey."
Kama ya Godfrey! Amehongwa huyu. Nimemwamuru atumbukize.

Ijumaa, 6 Juni
Mungu wangu! Za Godfrey zimetoka dhahabu tupu. Zangu nyeusi, zina madoa, utadhani masufuria ya msibani. Bafu lile lile, rangi ile ile! Nikakaa sakafuni. Swabra hakucheka. Afadhali angecheka.

Jumapili, 8 Juni, Muyinga
Jana tumeufunga ukingo. Leo wageni wametoka Butihinda na Mwakiro kuona nyumba. Theodosia, shangazi yake Adventina, kaona upande wangu, kaangua kilio, kauliza nani amefariki. Nikaeleza kwamba Ulaya ndiyo mtindo. Mzee Kastori akavua kofia.
Adventina kaniuliza kama Swabra alinionya. Nikasema ndiyo, ila kahongwa. Akasema mume asiyesikia mtu, yeye hamwezi.
Jioni washenga wa Godfrey wamepokewa kwa bia. Wangu wamepewa maji. Nampenda yule binti, jamani. Nimelia nyuma ya nyumba.

Jumanne, 10 Juni, Gitega
Mzee kaniruhusu nibadilishe upande wangu kabla ya harusi ya Adventina na Godfrey, watu wasipige picha na msiba. Swabra kaja mwenyewe hadi mlangoni, kaniletea alumini ya kujengea, kanisihi niitumie. Nimemfukuza. Atahongwa mpaka lini?
Nimefikiri sana, kosa nimeliona: zile pistoni zilikuwa za lori kuukuu. Nimeshapata za basi jipya kabisa, na moto nimeuwasha. Adventina akiuona ukingo huu, harusi ile itavunjika.