Wanachama Kumi na Wanne Wenye Afya Njema

Jumatano, 1 Septemba 1993

Barua kutoka kampuni ya bima. Bahasha nzuri, habari mbaya. Kwa kuwa mteja, yaani mimi, ametimiza miaka hamsini na analipa binafsi, malipo yake ya matibabu yanapanda karibu maradufu. Mwisho wa kulipa ni tarehe thelathini. Asipolipa, yeye na mkewe hawamo tena.

Nilipokuwa karani kiwandani Changamwe sikujua kuwa bima ina bei. Ilikatwa kwenye mshahara, basi. Walipotupunguza mwaka jana ndipo nikaambiwa kuwa mtu wa peke yake ni ghali kuliko mtu mwenye wenzake. Sasa nachapa barua za watu kwa taipureta nje ya ofisi ya chifu hapa Timbwani, na wateja wangu hawataki kusikia habari ya kupandishiwa bei.

Salme sikumwambia. Kuificha hakukuwa na haja, hawezi kuisoma. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia ndilo baya zaidi. Daktari amempangia kupasuliwa hilo la kulia Jumatatu tarehe nne Oktoba, bima ikiwa imeshakatika. Miaka ishirini mke wangu anashona kofia za viua, zile zenye vitundu vya kudarizi. Wiki iliyopita mteja wake alirudisha moja, viua vimekwenda upande. Salme aliipokea. Aliifumua yote akaanza upya kwa kupapasa. Naogopa. Naandika hapa kwa sababu hapa hapana msomaji.

Jirani yetu Absalom, mtu wa bara aliyepanga chumba cha mbele, alinikuta na barua mkononi. Akanipa pole. Kisha akanieleza kuwa kazini kwao bima inalipia hata miwani ya mkewe, Philister. Sikuwa nimemuuliza.

Ijumaa, 3 Septemba

Njia imepatikana. Bima inapanda kwa umri, basi umri na ushuke. Cheti changu cha kuzaliwa nilikipata nikiwa mtu mzima, na mwaka uliandikwa kwa kukisia. Kwa nini usikisiwe upya?

Shahidi pia yupo: Bi Mwanarusi, shoga yake marehemu mama. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba, nikamweleza kuwa nadhani mimi ni mdogo kuliko nilivyo. Akasema yeye hasemi uongo, ila atasema anachokikumbuka. Nikaona yatosha.

Jumanne, 7 Septemba

Tumevuka na feri, mimi na Bi Mwanarusi na buibui lake jipya. Kaunta ya bima ina binti mpole, Margret. Akamuuliza bibi anakumbuka nini. Bibi anakumbuka kila kitu! Mwaka wa mgomo mkubwa wa bandarini, akasema, Nassor huyu alikuwa chuoni akisoma Kurani, ameshahitimu juzuu Amma, na ndiye aliyembebea kikapu chake cha samaki mpaka nyumbani. Margret akahesabu. Mgomo ulikuwa mwaka arobaini na saba. Kwa umri wa kwenye cheti ningekuwa na miaka minne. Mtoto wa miaka minne hahitimu Amma wala habebi kikapu. Akaandika: hamsini na tatu.

Malipo yamepanda tena, kidogo. Bibi nimemnunulia soda, maana nilikuwa nimemwahidi.

Kabla hatujaondoka Margret alinihurumia. Akasema kikundi kilichosajiliwa, watu kumi au zaidi, hulipa nusu, na umri hautazamwi. Daktari wao huja kuwapima tu. Kikundi ninacho.

Jumamosi, 11 Septemba

Chama chetu cha kufa na kuzikana. Kimesajiliwa tangu 1986, wanachama kumi na wanne, Salme akiwemo, na katibu ni mimi. Tunachanga kila mwezi, na mmoja wetu akifa chama kinatoa sanda, gari na chakula cha hitima.

Nimejaza fomu. Jina la kikundi: Chama cha Timbwani. Mengine nimeyaacha, nafasi ilikuwa ndogo. Shughuli ya kikundi: kusaidiana katika safari. Hapo sijasema uongo. Afya ya wanachama: njema, wote kumi na wanne.

Mwenyekiti, Mzee Stambuli, nilimwambia tu kuwa daktari atakuja. Akauliza kama ni bure. Nikasema bure. Heri neno hilo ningalilimeza.

Jumapili, 19 Septemba

Daktari wa bima amekuja. Mahali petu pa kukutania ni pamoja tu, stoo ya chama, penye jeneza letu na masufuria ya hitima. Jeneza nililifunika kwa majamvi matatu nikaweka birika la kahawa juu yake. Wanachama nilikuwa nimewaonya mmoja mmoja: ukiulizwa, u mzima. Wote waliitikia.

Lakini nani Timbwani atamwacha daktari wa bure apite? Mzee Stambuli alikuja na picha ya kifua chake ya mwaka 1981, ambayo huihifadhi chini ya godoro. Kitsao, mtu mwenye haya asiyeongea, alimvuta daktari nyuma ya sufuria kubwa akamwonyesha ngiri. Bi Mwanarusi alikuwa na miguu, tumbo, na ndoto mbili. Absalom, ambaye hata si mwanachama, alipanga foleni pia. Alisema daktari wa kazini kwao ana haraka.

Daktari alijaza karatasi nne. Kisha akatafuta mahali pa kumlaza Mzee Stambuli amsikilize kifua. Mzee mwenyewe akaondoa birika, akavuta majamvi, akapiga ubao wa jeneza kwa kiganja. Akamwambia daktari asiwe na wasiwasi, limebeba watu wazito kuliko yeye.

Daktari hakunywa kahawa.

Ijumaa, 24 Septemba

Nimekwenda kufuata jibu. Margret anasema wakubwa wake walicheka kwanza, kisha wakakataa. Kampuni haiwezi kukatia bima watu waliojiandaa hivyo. Zimebaki siku sita. Pesa sina, na mpango sina. Kwenye feri nililia kidogo nikasingizia upepo.

Jumapili, 26 Septemba

Mkutano wa chama. Ajenda ilikuwa mimi. Walitaka kujua kwa nini katibu amewaandika wazima bila idhini yao. Nilikuwa nimeandaa hotuba.

Salme, aliyekaa upande wa wanawake, akanikatiza. Akasema yote: macho yake, barua, tarehe nne. Kumbe aliijua barua tangu siku ya kwanza. Philister alimsomea nilipokwenda msikitini. Hakuniambia, alisema, kwa sababu nilionekana mwenye furaha nikipanga mipango yangu.

Mzee Stambuli akauliza akiba ya chama. Ipo, maana hakuna aliyekufa mwaka wa pili sasa. Akasema Salme akifa tutazitoa pesa hizo asubuhi moja bila swali. Je, ni lazima afe kwanza ndipo tumwone?

Nilisimama. Katiba ya chama, niliyoichapa kwa mkono wangu, ibara ya tano, inasema msaada hutolewa mwanachama anapofariki. Sijui kwa nini nilisimama. Mzee akaniambia nikae. Wakapiga kura akiba ilipie jicho la Salme, mikono kumi na mitatu. Wangu ulichelewa kwa sababu nilikuwa naandika kumbukumbu.

Jumanne, 5 Oktoba

Wameondoa bandeji asubuhi. Jicho la kulia linaona. Salme alinitazama muda mrefu, akasema nimezeeka. Kisha akauliza kama shati hili ndilo ninalokwenda nalo kazini. Nimefurahi mno, na taipureta nzima haina herufi za kuliandika hilo.

Alhamisi, 21 Oktoba

Chama kimenogewa. Kuanzia mwezi ujao kila mwanachama ataongeza kidogo kwa ajili ya wagonjwa. Ngiri ya Kitsao ndiyo ya kwanza, halafu kifua cha Mzee Stambuli, halafu jicho la pili la Salme. Wamekubaliana wote pale pale bila kufikiri.

Mimi nimefikiri. Sijaugua hata siku moja mwaka huu. Kwa nini nilipie ngiri ya Kitsao? Nimechapa barua ya kurasa mbili kwa mwenyekiti, nikiomba nisamehewe nyongeza hiyo, au angalau nilipe nusu, kwa kuwa mimi ni mzima.

Nilimpa Salme aikague. Ameisoma ikiwa imelala magotini, hakuisogeza karibu na uso, na amepata kosa moja ukurasa wa pili. Kisha akaikunja, akaniuliza Mzee Stambuli hupatikana nyumbani saa ngapi, ampelekee mchango wake yeye Salme, pamoja na nyongeza. Nimemwambia asiwe na haraka, angoje kwanza wanijibu.