Matanga ya Chumba Namba Nne

Alhamisi, 5 Februari 1998

Siku ile Mungu anagawa milima na mabonde, kama angeniita nimshauri kidogo, Songea nzima isingekuwa na dimbwi hata la bata. Sijisifu, nasema kilichopo. Shule nimeishia kidato cha pili, na si kwamba nilifeli. Shule ndiyo iliishiwa cha kunifundisha.

Sasa hivi mimi ni mwenye nyumba. Kaimu, lakini mwenye nyumba. Mjomba Bartolomeo yuko Nakapanya, huko Tunduru, tangu Oktoba, ananunua korosho. Siku hizi ni soko huria, kila mwenye mzani ni mfanyabiashara. Kaniachia safu yake ya vyumba hapa bondeni Msamala na wapangaji watatu. Kuna Mwalimu Evaline wa Bukoba. Kuna Abdulatifu wa Tunduru, muuza mitumba. Na kuna Egidi fundi cherehani, Mbena wa Njombe. Huyo ni mtani wangu, maana mimi ni Mngoni, kwa hiyo ananitukana bure na sina ruhusa ya kununa.

Leo dereva wa lori kaleta salamu. Mjomba anarudi Alhamisi ijayo. Ahadi yake ni ile ile: akiwakuta wapangaji wote watatu bado wamo, chumba cha mbele, kile kinachotazama barabara, ni changu. Nitafungua banda la video. Jina tayari: Anord Sinema.

Na mimi nina langu la kumshangaza. Nyuma ya nyumba kulikuwa na lile shimo walilofyatulia matofali ya nyumba hii. Mjomba alisema lisiguswe. Hakusema kwa nini. Shimo zima limekaa tu, linafuga vyura. Alipoondoka nikalifukia. Takataka chini, udongo juu, nikashindilia kwa miguu yangu mwenyewe. Juu yake nimesimamisha chumba namba nne. Tofali mbichi, lakini kimenyooka. Nalala humo mwenyewe, kukizindua.

Wingu zito juu ya milima ya Matogoro. Nimelitazama kwa dharau.

Ijumaa, 6 Februari

Maji!

Mvua ya asubuhi, wala haikuwa ndefu. Maji yakashuka kutoka barabarani, yakapita ubavuni mwa nyumba kama kawaida yao, yakafika nyuma, yakakuta chumba namba nne kimesimama. Yakageuka. Yakaingia kwa wapangaji bila hodi.

Mwalimu kaamka akakuta madaftari ya darasa la tano yanaelea chini ya kitanda. Kandambili za Abdulatifu zilihamia kwa Egidi. Egidi kamrudishia moja.

Kikao uani. Nikawaeleza kwa utulivu kwamba hii ni El Niño, redio imesema, inatoka bahari ya mbali kabisa, hata Wazungu wanalia. Ni suala la mataifa. Mwalimu akasema amekaa hapa masika matatu na maji yote yalikuwa yanaishia shimoni. Nikamwambia tusiingize siasa. Abdulatifu naye akaanza, kwa upole wake, "Bwana mdogo, lile shimo..." Nikamwahi, nikauliza habari za soko la mitumba.

Egidi yeye alikunja suruali, akanitazama, akasema, "Ninyi Wangoni mlikuja kutoka kusini mbio mbio, mkasahau kujifunza maji yanashukaga upande gani."

Wakacheka. Utani. Nikacheka na mimi, meno tu.

Mara akapita Mama Kunegunda na mwavuli wake. Huyu ni mjane wa ng'ambo ya mfereji, anapika pombe ya komoni, ana nguruwe, na ana safu yake ya vyumba juu kidogo ya kwetu. Akatupa pole mmoja mmoja. Akasema kwake kuna vyumba vitatu vitupu, vikavu. Vitatu! Hakuwa ameulizwa. Nikampa shikamoo ya baridi.

Jumamosi, 7 Februari

Nimepata dawa. Ukuta wa viroba kuzunguka milango, maji yapinde, yaende zake kwa Mama Kunegunda.

Watu wengine hujaza mchanga. Mchanga mzito, na uko mbali. Mimi nimejaza pumba. Pale mashine ya kukoboa wanazitupa, wanakuomba uzichukue. Kiroba kizima unakibeba kwa mkono mmoja huku unapiga mluzi. Nilimaliza kabla ya chakula cha mchana. Ukuta mzuri, umepangika, unapendeza hata kwa mbali.

Mwalimu kauliza kama nina uhakika na pumba. Nikamuuliza na yeye kama alifundishwa ujenzi chuo cha ualimu. Akaenda kupandisha madaftari juu ya kabati.

Jioni manyunyu kidogo. Ukuta haukutikisika. Nikasimama juu yake, mikono kiunoni, mpaka Mama Kunegunda akaniona.

Jumapili, 8 Februari

Mvua ilinyesha tuko misani. Kubwa. Padri alipaza sauti mpaka akaacha.

Nimerudi, hakuna ukuta. Viroba viliinuka vyote kwa pamoja, vikavuka mfereji, vikaenda kutua kwa Mama Kunegunda, mlangoni kwa nguruwe wake, banda lililo chini kabisa. Wamevichana. Wamekula mpaka wamelala chali.

Mama kaja mwenyewe kushukuru. Kasema nguruwe hawajala hivyo tangu Krismasi. Kauliza kama wiki hii nina mpango wa mafuriko mengine, awaandalie nafasi tumboni.

Ndani, maji kifundoni. Mwalimu ameanza kufunga godoro kwa kamba. Kesho unakuja mkokoteni, anavuka mfereji. Abdulatifu kasema hana neno na mimi hata kidogo, ila kuswali kwenye mkeka unaoelea hakumpi utulivu. Anahama pia. Egidi naye anahama. Nikamuuliza kwa nini, yeye chumba chake ndicho kikavu kuliko vyote. Kasema akibaki peke yake atanitukana mbele ya nani?

Wote watatu. Alhamisi Mjomba atakuta vyumba na vyura. Anord Sinema, kwaheri.

La. Ngoja kwanza.

Jumatatu, 9 Februari

Asubuhi mapema nilitoboa ukuta wa nyuma. Hesabu yenyewe ilikuwa rahisi: maji ya wapangaji yatoke, yaingie chumba namba nne, ambako hakuna mpangaji wa kulalamika. Kuna kitanda changu tu.

Yakatoka. Vyumba vikaanza kukauka. Nikamwita Mwalimu ashuhudie. Tukiwa tumesimama pale pale, chumba namba nne kikakaa chini. Siwezi kusema kilianguka. Kilikaa polepole, ukuta mmoja baada ya mwingine, na bati likajifunika juu. Ardhi yenyewe ilikuwa imekuwa uji.

Mkokoteni ulikuwa umeshafika mlangoni, godoro la Mwalimu limeshapakiwa.

Ndipo Egidi akatoka. Akatazama. Akarudi ndani, akaja na shuka, akajifunga kichwani, akaketi kwenye tope na kuanza kulia kwa sauti, ile ya msibani kabisa. "Chumba namba nne, umetuacha mdogo hivi! Hata mpangaji hukumpata! Baba yako Anord alikupenda, akakujenga juu ya vyura!"

Ndivyo watani wafanyavyo msibani, wanamlilia marehemu na kumsema mfiwa. Lakini kwa chumba sijawahi kuona. Majirani wakaja, wengine wanacheka, wengine wanavua kofia kwanza halafu ndiyo wanacheka. Mtu akaleta mkeka. Mwingine akawasha moto.

Mwalimu kwao hakuna utani wa namna hii. Akamuuliza Egidi kama hili ni jambo la kweli. Egidi akamjibu uso mkavu kwamba msiba ni msiba, na anayehama matanga hayajaondolewa anaondoka na nuksi ya nyumba mgongoni. Mwalimu ni msomi, na ni Mkatoliki. Alifikiri kidogo. Akalishusha godoro.

Hapo akili yangu ikawaka. Hakuna anayehama katikati ya matanga! Basi matanga yaendelee. Mpaka Alhamisi.

Nikaketi kando ya Egidi, nikalia kumzidi.

Jumanne, 10 Februari

Msiba umekolea. Wapangaji na vitu vyao nimewaweka chumba cha mbele kwa muda, kiko juu kidogo, hakikuguswa na maji. Nimewaambia ndio utaratibu wa kwetu, wafiwa hulala pamoja. Wamekubali.

Egidi, kwa haki ya utani, amedai jogoo wangu. Sikuweza kukataa, mtani akidai msibani unatoa. Abdulatifu ndiye amechinja, ili kila mtu ale. Mama Kunegunda kaleta komoni, kakaa kwenye mkeka, katoa pole kwa marehemu, halafu kawanong'oneza wapangaji kwamba vyumba vyake bado vinasubiri. Msibani! Hana haya.

Yule dereva aliyeleta salamu kasimamisha lori, kauliza nani amefariki. Nikampungia mkono apite, nilikuwa nalia. Anaelekea Tunduru.

Jumatano, 11 Februari

Jua. Balaa jipya. Kila kitu kinakauka na watu wanachoka kuomboleza. Mwalimu kauliza matanga ya chumba huchukua muda gani. Nikasema inategemea ukubwa wa chumba. Akasema kile kilikuwa kidogo.

Egidi akaniokoa, lakini kwa tetea wangu anayetaga. Baada ya kushiba akasimama, akatangaza kwamba marehemu hajaagwa vizuri, tumuage kesho. Abdulatifu akaitikia inshallah, anafuta mdomo.

Sina kuku tena. Lakini wapangaji ninao watatu. Kesho hiyo inakuja.

Alhamisi, 12 Februari

Nilikuwa nyuma, nafukua kitanda changu. Nikasikia lori limesimama. Halafu nikasikia mtu analia, na hakuwa Egidi.

Mjomba. Yule dereva wa juzi alimkuta njiani, akamwambia kwako Msamala kuna msiba, nimeona mikeka na moto. Zaidi hakujua. Mjomba kaacha magunia yake ya korosho huko huko kwa watu, kadandia lori la kwanza. Kafika, kawaona Mwalimu, Abdulatifu na Egidi wameketi kwenye mkeka. Mimi hanioni.

Akakaa chini pale pale, na viatu vyake vya safari. Nilichungulia kwenye ukuta niliotoboa. Kofia ameikunja mkononi anaibinya. Akasema, "Kile chumba ningempa tu. Nilimwekea masharti ili atulie nyumbani, asije akazurura, akapotea. Mtoto wa dada yangu."

Mwalimu akatazama mkeka. Hata Egidi aliinamisha kichwa.

Na mimi nilisimama kidogo. Nikafuta macho kwa kiwiko, vumbi nadhani. Halafu nikakumbuka kwamba ahadi imetolewa upya, mbele ya mashahidi, na safari hii bila masharti. Nikatoka mbio kabla haijapoa.

"Shikamoo, Mjomba. Nimesikia."

Alinishika kichwa kwa mikono miwili. Akakishika muda mrefu. Halafu akakipiga kofi.

Akauliza nani amekufa. Mwalimu akaanza kueleza, akashindwa, akaangalia pembeni. Mjomba akaja nyuma ya nyumba, akatazama bati, tope, miguu ya kitanda changu imeelekea juu. Akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Shimo liko wapi?"

Egidi akafungua shuka kichwani, akalikunja vizuri.

"Ndilo tunalolilia, Mzee."

Ijumaa, 13 Februari

Hukumu imetoka. Wapangaji wote watatu wanabaki, Mjomba kawaomba yeye mwenyewe, na yeye hakuna awezaye kumkatalia. Nikamkumbusha kwamba basi sharti langu limetimia. Akasema ni kweli. Chumba cha mbele kampa Mwalimu, kwa kuwa chake kimepasuka. Mimi kanipa jembe.

Mama Kunegunda kasimama ng'ambo ananitazama nikichimba. Kasema nguruwe wananisalimu.

Nimechimba tangu alfajiri. Shimo limerudi kama lilivyokuwa. Jioni mvua imenyesha kidogo, maji yakapita ubavuni, yakaingia shimoni yote, kimya kimya. Mlangoni kwa wapangaji halikufika hata tone. Chura wa kwanza ameshahamia.

Basi naandika hapa, ambapo Egidi hasomi. Haikuwa El Niño. Pumba hazikuwa na kosa kubwa, wala tundu la ukutani. Kilichoharibika kweli ni kimoja: nililifukia lile shimo, na niliambiwa nisiliguse. Nimekubali. Yamekwisha.

Udongo niliotoa umekuwa mwingi ajabu. Nimeurundika wote kwenye ule mfereji wa barabarani, unaotutenga na Mama Kunegunda, maana ulikuwa umekaa tu. Nimeshindilia kwa miguu yangu mwenyewe. Pamekuwa panono, pamenyooka, panatazama barabara. Pananitosha chumba namba tano.

Mjomba sijamwambia. Nataka nimshangaze.