Riwaya Iliyogawanywa kwa Kisu cha Ngozi

Gazeti la asubuhi lilikuja na habari kwamba riwaya ya Mpangaji Asiye na Kivuli imeingia kwenye kinyang'anyiro cha tuzo, na kwamba majaji wameisifu kwa kuleta majini mjini. Benchi la nje ya kibanda cha Soli, fundi viatu, likachafuka. Pale benchini hakuna hukumu ya majaji inayopita bila kukatiwa rufaa.

Tena safari hii walikuwa na haki, maana kitabu walikuwa nacho. Nakala ilikuwa moja tu. Aliileta Kimya, fundi vioo, akadai mteja kaisahau kwenye karakana yake na kwamba yeye hajafungua hata jalada, hadithi za majini si saizi yake. Wenzake watatu waliitaka kwa mpigo, hakuna aliyekubali kusubiri, basi Soli akachukua kisu cha kukatia ngozi akaigawa kama mkate. Mwanzo ukaenda kwa Kamusi, karani mstaafu anayependa maneno mazito. Mwisho ukaenda kwa Dada Dobi, anayepiga pasi mlango wa pili. Katikati akabaki nayo Soli mwenyewe. Kimya alikitazama kisu kikishuka. Angesema nini? Kitabu kile alikiandika yeye kwa jina la bandia, na benchi zima halikuwa na habari.

Siku hiyo ya gazeti ndiyo mchapishaji alikuwa akisubiri jibu: kitabu cha pili kipo au hakipo? Kimya hakuwa na uhakika hata chembe. Majaji wanaweza kumsifu mtu kwa adabu tu, lakini benchi la Soli halina adabu. Alikuwa ameshaapa moyoni kwamba wakisema kibaya, kalamu anaitupa na anarudi kwenye vioo vyake moja kwa moja.

Kamusi alifungua kesi.

"Mji wake ni mji kweli," alisema. "Jini kahama porini baada ya miti kukatwa, kapanga chumba, anapanga foleni bombani na ndoo yake kama sisi. Mwenye nyumba anamkataza kuruka usiku, eti anawasumbua wapangaji. Nimecheka mpaka mke wangu akanizimia taa."

Kimya akainama kama anayefunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa ndala. Furaha ilimjaa usoni, hakutaka waione.

Kasoro, aliendelea Kamusi, ni kwamba jini mwenyewe ni goigoi. Kurasa zote zile, kufuli tu linamshinda. Dada Dobi akauliza goigoi yupi, kwa sababu jini wake yeye anang'oa ghorofa zima na watu ndani, anaondoka nalo kichwani kama sinia. Wakabishana. Kwa Kamusi, msichana wa chumba cha jirani hataki hata kumwona jini. Kwa Dada Dobi wameshaoana na wana mapacha.

"Halafu kuna lililoniudhi zaidi," alisema Dada Dobi. "Anampita mama yake mzazi barabarani, hata salamu hampi. Mwana gani huyo? Mwandishi alichoka, akakata njia ya mkato. Leo jini hawezi lolote, kesho anaweza kila kitu. Hata mwongo hupanga uongo wake ukapangika."

Wote wakamgeukia Soli, mwenye katikati, awaamue. Soli akagongea msumari, akagongea wa pili, kisha akatoa hukumu kwamba katikati hamna kitu. Maneno matupu, mwandishi kajaza kurasa ili kitabu kinenepe.

Sasa, katikati ndiko Kimya alikomwaga jasho. Uvumilivu ukamshinda.

"Si kweli," alisema, na benchi likashtuka, kwani Kimya si mtu wa kubisha. "Katikati jini ananunua nguvu. Kila nguvu anayoipata anailipia kwa kumsahau mtu anayempenda. Anaanza na ndugu, anafuata rafiki. Siku ya kuwaokoa wapangaji, kabla ya msichana kuingia moyoni mwake, aliyebaki wa kumsahau ni mama yake. Hakumpita kwa kiburi, Dada. Ameshamsahau."

Dada Dobi alifuta macho kwa pindo la khanga.

"Na mama alikuwa anamwita kwa jina," alisema polepole. "Nami nikamtukana mtoto wa watu."

Kamusi hakulia. Yeye alivua miwani.

"Kimya. Si ulisema hukufungua hata jalada?"

"Nilikiandika mimi," alisema Kimya, akasubiri kupigiwa makofi au kufukuzwa.

Hakupata hata kimoja, maana Dada Dobi alikuwa ameshamkabili Soli kumuuliza vipi jambo zito namna ile halikumgusa. Soli akakohoa. Akakuna kichwa. Mwishowe akakiri kwamba hakusoma hata mstari. Viatu vya wateja vilikuja vimelowa, vikahitaji karatasi ndani visipoteze umbo. Katikati yote ilikuwa viatuni.

Benchi likavamia kibanda. Kamusi na heshima zake alipiga magoti akichomoa kurasa kwenye buti, Dada Dobi akazinyoosha kwa pasi mojamoja, na kila iliyonyooka ikagombaniwa ingali moto. Ikakosekana ile ya jini kumsahau mama. Soli akakumbuka jozi moja ambayo mteja alikuwa ametoka kuichukua na karatasi zikiwa ndani, kisha huyo mteja akashika njia ya sokoni. Kimya akasema ukurasa ule anaujua kwa kichwa, awasimulie?

"Wewe nyamaza," alisema Dada Dobi. "Mwandishi ukimwachia asimulie mwenyewe, atajipendelea. Tunautaka kama ulivyo."

Wakatoka mbio wote watatu, Soli mbele kwa kuwa ndiye anayemjua mwenye viatu. Kimya akaachiwa kibanda alinde. Akatoa simu akampigia mchapishaji.

"Cha pili kipo," alisema. "Ila jalada liwe la bati."